Dalali Mwenye Kikohozi

Dalali wangu wa Lagos alikuwa na kikohozi kisichohitaji dawa. Kilimjia kila tulipofika mlangoni pa nyumba tupu, kikaisha akishafungua. Mimi, ambaye Ibadan nzima hakuna wa kunidanganya, nikadhani ni vumbi. Nilitafuta nyumba ya miezi mitatu tu, madaktari wamtibu mke wangu macho, na wenye nyumba wote walitaka kodi ya mwaka. Yeye kila kibanda alikisifu, viganja vyake vikizipigapiga kuta kama mbavu za ng'ombe wa mnadani: "Ona, mzee wangu! Jumba la chifu hili!"

Kule Surulere ndiko mwenye nyumba alikokubali miezi mitatu. Dalali alikohoa mpaka majirani wakampa pole. Ndani, ndizi zilikuwa bado zinakaangika kikaangoni, na chini ya pazia ilionekana miguu ya mwanamke. Dalali hakuugusa ukuta.

"Hii haikufai, Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Inavuja. Na panya wa humu wanauma."

"Nimemwona mmoja, amevaa kandambili," nikamjibu. "Mwambie mkeo kikohozi kimeisha, atoke na aongeze ndizi. Wangu anafika kesho, na chumba cha nyuma sina kazi nacho; kaeni humo."