Nimemwandikia Rafiki wa Dada Yangu Miaka Minne, na Dada Hayupo

Mhariri, naomba unifichie jina. Wasomaji wote nawasalimu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, nimeolewa, nakaa Ifakara, Lipangalala. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Nina watoto wawili. Wa kiume bado ananyonya, nimempakata hapa hapa ninapoandika. Wa kike ana miaka minne, huyo niliachiwa na dada yangu, na shida yangu inaanzia hapo.

Hapa mjini kuna nyumba tunaiita Nyumba ya Urafiki. Ni ya nchi mbili, yetu na nchi moja ya Ulaya ambayo siitaji. Wana maktaba, wana kwaya, jioni wanafundisha lugha yao, na wanawaunganisha watu wa huku na wa kule waandikiane barua. Dada yangu, nimwite Skola, alikuwa anafagia pale maktaba. Nilipokuwa darasa la sita alikuja dada mmoja wa Kizungu, nimwite Karini, kujifunza Kiswahili, akapangiwa kukaa nyumbani kwetu miezi mitatu.

Karini na dada walikuwa kama wamenyonya titi moja. Kufua mtoni Lumemo pamoja, kupalilia mpunga pamoja. Siku ya kwanza shambani Karini alianguka majarubani kifudifudi, dada akamwita Mama Matope, na mpaka leo barua zake anamalizia na jina hilo. Mimi nilikuwa mdogo wao wa kutumwa. Dada kuandika kulimshinda, kwa hiyo Karini alipoondoka, barua dada alikuwa ananitajia maneno naandika mimi.

Dada alifariki kwa uzazi. Mtoto akapona.

Siku ya kumaliza matanga wazee walinikalisha kwenye mkeka, shangazi akanifunga kitenge cha dada, akanipaka unga kwenye paji la uso, akatangaza kwamba kuanzia leo Skola ni mimi. Kwetu ndivyo inavyofanyika, jina la mtu halizikwi naye. Mama yangu mzazi hajaniita tena jina langu la zamani tangu siku hiyo. Na mtoto nikapewa, nikamlea na maziwa ya kopo, mimi ambaye nilikuwa sijazaa.

Miezi miwili baadaye nikaitwa Nyumba ya Urafiki. Katibu wa zamani alikuwa amehama, huyu mpya hatujui. Akauliza Skola ni nani, nikaitika. Akanipa barua ya Karini, anauliza kama amejifungua salama. Nikaenda nyumbani nikajibu kwamba nimejifungua salama, mtoto wa kike. Wasomaji, wakati ule sikuona kama nadanganya. Jina lilikuwa langu, mtoto alikuwa mapajani kwangu, na mwandiko ulikuwa ule ule.

Ndivyo ilivyoendelea miaka minne. Karini alipofiwa na mama yake aliniandikia kurasa sita, nikalia, nikamliwaza, na yale maneno yalikuwa yangu, hakunitajia mtu. Mtoto alimtumia kofia ya sufu, na joto hili la Ifakara haivui. Mume wangu husema mtoto huyu anataka kujipika. Lakini kila barua Karini aliuliza, mdogo wako hajambo? Nami nikaandika kwamba hajambo, ameolewa, anakusalimu. Nikawa najitumia salamu mwenyewe.

Sasa nyumba ile inatimiza miaka kumi. Wageni wanakuja wiki tatu zijazo na Karini yumo. Katibu amenionyesha ratiba: mimi na yeye tutasimamishwa mbele ya watu kama mfano wa urafiki usiokatika. Nilikwenda pale nimeshapanga maneno ya kumweleza ukweli, nikamkuta anapaka rangi jina la Skola kwenye kibao, amefurahi, nikarudi na maneno yangu.

Na Karini ameandika hivi: "Skola wangu, sitaki gesti, nalala kwako. Twende tena Lumemo, unimalizie ile habari uliyoiachia katikati siku gari lilipokuja kunichukua. Miaka yote hii naisubiri."

Habari gani? Mimi siijui. Alikwenda nayo dada.

Mume wangu anasema niende Mahenge kwa wajomba mpaka wageni waondoke. Mama nilimkuta anapeta mchele, nikamwambia nataka kusema ukweli.

"Uwongo uko wapi?" akasema. "Skola si wewe? Mwambie umekonda."

"Mama, na urefu je? Dada alikuwa anainama mlangoni."

Aliendelea kupeta, ungo mtupu, mchele umeshaisha. Ndipo nikaelewa kwamba tangu matanga mama hajawahi kutamka kuwa binti yake amekufa, na nikimwambia Karini, nitakuwa nimemwambia na yeye.

Barua ya kumwandikia Karini nimeianza mara tatu. Nafika "Skola alifariki", mkono unasimama, kwa sababu chini natakiwa kuweka jina, na sijui niweke lipi. Na sasa hata nikiituma haitawahi.

Jana mtoto amevaa kofia yake akaniuliza, "Mama, Mama Matope atanijua?" Nikamwambia atakujua. Hilo ni kweli, sura yake ni ya dada mtupu.

Lakini mimi? Karini anakuja kutafuta watu wawili, Skola na mdogo wake, na nyumbani atamkuta mmoja. Natumaini ana moyo wa kunisikiliza, barua zake zinaonyesha hivyo. Ila sijui nimwambie siku ya kwanza mlangoni, au nimpeleke kwanza kaburini asome msalaba mwenyewe, au ninyamaze kwa ajili ya mama. Mliowahi kubeba jina la mtu, nisaidieni. Nimwambie vipi, na nikishamwambia, mimi nitakuwa nani kwake?