Bamvua Linapofika Jego

Mwanarusi Chirau hulima mpunga Jego, karibu na Vanga, pale mto Umba unapopunguza mwendo kabla ya kuingia baharini. Hana pampu. Mama yake hakuwa nayo, wala bibi yake. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, linapofika, bahari hujaa na kuusukuma mto urudi nyuma, na maji baridi, yasiyo na chumvi, hupanda hadi kwenye majaruba. Mkulima huchota kwa kiganja, huonja, na yakiwa matamu hubomoa tuta kwa jembe. Ndivyo walivyolima hapa tangu mpaka wa Tanganyika haujachorwa.

Mwaka huu mvua ilikuwa haba kwenye milima ya Usambara, mto unakotoka. Umba ulifika Jego ukiwa mwembamba. Bamvua la kwanza, Mwanarusi alionja, akayakuta maji matamu, akafungua. Wiki haikuisha, ncha za mpunga zilikuwa zimeungua.

"Ulionja kweli, au ulikuwa kwenye porojo?" aliuliza Twaiba, wifi yake, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya mfereji.

"Nilionja."

"Basi ulimi wako umezeeka, bibi."

"Haya, onja na wako wa kisichana."

Twaiba akachota mferejini. Matamu. Mwanarusi akaingia majini hadi kifuani, akazamisha kidumu kilichofungwa mpaka kikagusa tope, akakifungua kule chini. Twaiba alipoyaonja hayo, aliyatema.

"Astaghfirullah! Hii ni bahari tupu!"

Mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi, kwa uzito wake, hupita chini, na ya mto huelea juu. Kiganja huchota ya juu. Mfereji huvuta ya chini.

Mwanarusi alibakiwa na jaruba moja ambalo chumvi haikulifikia, lenye mpunga aliouweka kwa ajili ya mbegu. Bamvua la pili lilipofika, udongo wake ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yamefika ukingoni mwa tuta.

"Utafungua?" Twaiba aliuliza.

"Nifungue nini, wifi?"

Alishika sufuria, akawa anaengua maji ya juu na kuyamwaga ng'ambo ya tuta, jarubani. Twaiba akaleta ndoo. Walichota, wakamwaga. Pembe moja tu ya jaruba ilikuwa imelowa, maji yalipoanza kurudi baharini. Kisha sufuria ikawa inachota tope.

Mwanarusi aliiosha, akaketi juu ya tuta, jembe likiwa pembeni yake, kavu.