Tulipoanza Kujiundia Betri

Nilikuwa nikifanya kazi Keumbu, kwenye karakana ya kuunganisha pikipiki za umeme. Fremu, mota na betri zilikuja kwenye masanduku kutoka ng'ambo. Sisi tulikaza skrubu, tukaunganisha nyaya, kisha tukazijaribu barabarani. Tulikuwa watatu: madam mwenye biashara, fundi wa umeme aliyetoka upande wa ziwani, na mimi.

Kisha ushuru wa betri zinazoingia zikiwa kamili ukapandishwa. Shehena yetu ilikuwa imefika bandarini Mombasa, na madam hakuweza kuitoa. Alitueleza kwamba serikali inataka betri ziundwe humu nchini, na kwamba seli, vile vijibetri vidogo vinavyounganishwa kuwa betri moja, zikiletwa moja moja hazitozwi ushuru mkubwa hivyo. Basi tungeziunda wenyewe. Tulijifunza kwa video, kwenye simu yake.

Mwanzoni fundi alikataa. Alimwambia madam kwamba kiwanda cha betri kina chumba chake na mashine za kupima joto, ilhali sisi tulikuwa na meza ya mbao na ukuta wa mabati uliotutenganisha na saluni. Madam alimsikiliza hadi mwisho, akasema hana njia nyingine. Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tangu siku hiyo nilivua bangili na pete kila asubuhi, nikihofia chuma kigusane na seli na kuwasha moto. Nyumbani sikusema kitu. Mama angenikataza kurudi.

Alasiri moja, mvua ikinyesha, betri niliyokuwa nimetoka kuifunga ilianza kutoa sauti kama ya mtu anayevuta pumzi kwa meno. Harufu tamu, kali, ikanipanda puani. Upande wa pili wa mabati wanawake walikuwa wakicheka.

"Watoe watu saluni," fundi akasema taratibu. "Usinitazame. Nenda."

Nilikwenda. Sijui niliwaambia nini; nakumbuka mmoja alitoka nywele zimesukwa nusu, amenishika mkono. Nyuma yetu fundi aliisukuma betri kwa beleshi hadi uani. Seli zikaanza kulipuka kwenye matope, moja, halafu nyingine, halafu nyingi, na moshi mweupe ukafunika ua wote. Nikadhani amekufa. Mwishowe alitokea akikohoa, shati limeungua begani, ngozi ya mkono imebambuka.

Madam alifunga karakana jioni hiyo. Fundi akarudi kwao, nami nikarudi nyumbani Itumbe kuchuma chai na mama.

Juzi, tukiwa shambani, madam alinipigia simu. Amepata mwalimu wa betri na chumba cha matofali, anataka nirudi. Mama alipouliza ni nani, nilimsimulia yote kwa mara ya kwanza.

"Utarudi?"

Nilimwambia naipenda ile kazi, na bado naogopa. Mama aliendelea kuchuma kando yangu, karibu kuliko kawaida.