Mpira Nyuma ya Sikio

Harufu ya mafuta ya mgando hunichefua hadi leo, na sitaki kuizoea.

Shangazi alikuwa amenipaka mafuta hayo na kunisuka nusu kichwa vidole vyake vilipogusa mpira ambao madaktari waliupitisha chini ya ngozi, nyuma ya sikio langu. Akavifuta kwenye kanga.

"Hiki nini?"

"Ni kama mfongo wa kupeleka maji migombani, wifi," mama alisema. "Maji ya kichwani yanateremkia tumboni."

"Mmemshonea mtoto bomba, halafu mnaniletea nimshike."

Mama akamnyang'anya chanuo, akamalizia mwenyewe. Hakujua kusuka, mistari yake ilikwenda kombo hadi kisogoni.

Jumapili, mlangoni pa kanisa, nilimpita shangazi bila shikamoo. Mama, aliyezoea kunifinya nikichelewa tu kuamkia wakubwa, alinishika mkono tukaingia.