Servo ya Lori la Dereva

Mtaa mzima ulimwita Dereva, na jina hilo lilikuwa la kejeli, maana alishindwa mtihani wa leseni mara nne na ya tano akaona haya kurudi. Maisha yake yote alizunguka kwa miguu akisoma mita za maji. Gari aliloliweza lilikuwa moja tu, lori la kuchezea lenye urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole, magurudumu manene ya mpira, na rimoti ya kuliongozea. Watu walicheka, naye alicheka nao, kisha akirudi kutoka kazini hujifungia kwenye chumba chake cha ufundi na bisibisi zake kama daktari wa upasuaji.

Mkewe, mpiga pasi wa nguo za hospitali, alijifanya halipendi lile lori. Ukweli ni kwamba alikuwa amelizoea kuliko redio. Chumba cha ufundi kilikuwa mwanzo wa korido, jiko lilikuwa mwisho wake, na Dereva akitaka chai hakuita mtu. Alifunga kikombe kitupu mgongoni mwa lori kwa mpira, akalituma. Mama huyo, akiwa ameipa korido mgongo, alilisikia likija. Zzziii, zzziii, ule mlio mwembamba wa usukani ukishikilia magurudumu, halafu likamgonga kidogo kisiginoni. Alijaza kikombe, akatia sukari vijiko vitatu ambavyo daktari alikwisha kuvikataza, kisha akapaza sauti:

"Njoo uchukue mwenyewe, mimi si utingo wako!"

Na mzee alikuja, akiburuta ndala, akicheka peke yake kama aliyeshinda bahati nasibu. Mchezo ni huo huo kwa miaka kumi na tisa, na wala haukuwachosha.

Dereva alifariki ghafla, mchana wa siku ya kazi. Waombolezaji walijaa, wakala, wakaondoka, na nyumba ikanyamaza kimya ambacho mama hakuwahi kukijua. Binti yao alipiga simu kutoka mbali. "Mama, hilo gari ligawe tu. Linakuumiza roho." Mama akasema atalifikiria, na hakulifikiria hata dakika moja. Aliliacha pale pale juu ya meza, na kila siku alifungua mlango, akalitazama, akafunga.

Lakini mkono wa mpiga pasi hauvumilii vumbi. Mwezi wa saba baada ya msiba akaingia na kitambaa chenye unyevu, akafuta bodi, akafuta vioo, na alipotaka kufuta nyuma ya gurudumu la mbele, akalishika na kulikunja kwa nguvu. Krak! Magurudumu yote mawili ya mbele yakalegea, yakawa yanayumba huku na huku. Mama alikaa kwenye kigoda cha marehemu na kitambaa mkononi. Miezi saba alikuwa amejiambia kwamba ipo siku atapiga moyo konde, alisikie tena lile lori likija. Sasa alikuwa ameliharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake akalifunga kwenye shuka pamoja na rimoti yake, akalipeleka kwenye duka la vipuri vya elektroniki. Fundi, mtu mzima mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, alilipindua chali, akafungua skrubu nne, akatoa kisanduku cheusi kidogo kuliko kiberiti.

"Hii ndiyo servo, mama. Mota ya usukani. Meno yake ya ndani yamekatika. Uliyageuza magurudumu kwa mkono?"

"Yalijigeuza," mama akasema, kisha nafsi ikamsuta. "Ni mimi. Nilikuwa nalifuta vumbi lori la marehemu mzee wangu."

"Usijali. Wengi huziua hivyo hivyo." Akapanga servo nne juu ya kaunta. "Sasa chagua. Hii ina wepesi, inageuka kabla hujapepesa jicho, ila meno yake ni plastiki. Magurudumu manene kama haya yataitafuna kwa wiki. Hii ina nguvu za kupita kiasi, itafyonza umeme wote, kila ukikata kona gari linazimika. Hii ya katikati ina nguvu za kutosha na meno ya chuma. Na hii hapa ndiyo bora kuliko zote, haipigi kelele hata kidogo."

"Hiyo ya mwisho sitaki."

"Lakini mama, hujaisikia."

"Si umesema haisikiki?"

Fundi akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, pengine amwone vizuri. Wateja wake wote huomba ukimya. Huyu alitaka kusikia kelele. Hakubishana naye, akaziunganisha moja moja kwenye kipimo chake na kuzichezesha kushoto na kulia, huku mama amefumba macho. Ya plastiki ilinong'ona tu. Ile ya nguvu ilinguruma. Ya katikati ilipoanza, zzziii, mama akashika ukingo wa kaunta.

"Hiyo," akasema. "Funga hiyo."

"Nitakufungia. Itabaki kulirekebisha tu lisivute upande." Fundi akachukua rimoti. "Unaona hiki kidude cha kuzungusha? Mzee alikipeleka kushoto sana. Servo yake ilikuwa imechoka, inavuta kulia, akawa anaibembeleza kidogo kidogo. Sasa hii mpya haina ulemavu huo. Tunakirudisha katikati, basi."

Kabla kidole chake hakijafika, mama alikuwa amekwisha kuifunika rimoti kwa kiganja. Kile kidude kilikuwa na alama nyeusi ya mafuta, alama ya dole gumba. Vitu vyote vingine vya marehemu alikuwa amevifua, amevipiga pasi, amevikunja.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Hiki kifimbo kinachosukuma magurudumu kinazunguka kama skrubu, unaweza kukirefusha mpaka mambo yakae sawa. Lakini kidude ni sekunde mbili, mama. Kifimbo kitakula siku yako nzima. Na kona ya kulia haitakata vizuri."

"Siku ninazo," mama akajibu.

Jumamosi asubuhi akakaa chini, sakafuni mwa korido, mtu wa miaka sitini na mbili, na bisibisi ya marehemu. Aliliachia lori mlangoni mwa chumba cha ufundi, likaenda hatua mbili, likagonga ukuta wa kushoto. Akazungusha kifimbo nusu mzunguko. Likagonga mbele kidogo. Nusu tena. Likapitiliza, likagonga kulia. Magoti yalimwuma, akayasema vibaya, akaendelea. Yeye alitaka alisikie lori likija akiwa amelipa mgongo, kama zamani, kwa hiyo lilipaswa kujiendea lenyewe bila kutazamwa. Hapo hapakuwa na nafasi ya karibu-karibu. Ilipofika alasiri, lori lilitoka mlango mmoja hadi wa pili bila kugusa ukuta, na kidude kiko pale pale kilipoachwa.

Akachemsha maji. Akafunga kikombe kitupu mgongoni mwa lori kwa mpira, akaliweka kwenye mlango wa chumba cha ufundi. Akarudi jikoni na rimoti, akaipa korido mgongo, akabonyeza.

Zzziii.

Lilikuja. Lilikuja moja kwa moja, mlio ukikua, na nywele za shingoni zikamsimama. Kwa muda huo mfupi wa urefu wa korido, mtu mwingine alikuwamo ndani ya nyumba. Kisha likamgonga kidogo kisiginoni. Mama akacheka kwa sauti, akainama, akajaza kikombe, akatia sukari vijiko vitatu. Maneno yakamtoka yenyewe, kwa nguvu, kuelekea kule mwanzo wa korido:

"Njoo uchukue mwenyewe, mimi si utingo wako!"

Akatega sikio. Alijua kabisa hakuna anayekuja, na bado alisubiri ndala. Alisubiri akiwa amesimama, rimoti kifuani, mpaka mvuke ukaisha juu ya kikombe. Ndipo akalia, kilio kile ambacho siku ya msiba kilikataa kutoka.

Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga, akakaa, akainywa ile chai mwenyewe. Ilikuwa imepoa, na sukari ilikuwa nyingi mno kwake.