Paswedi Mpya ya Mzee Apolinari

Saa nne asubuhi, jua la Makanyagio limeshakuwa kali, na Marsela Kalisti anaizima printa tena. Anaiwasha. Taa ya waifai inapepesa, inapepesa, kisha inakuwa nyekundu. Haijaunganika.

"Unaona dharau hii?" anamuuliza mwandishi aliyemtembelea ofisini.

Nje, lori lenye ng'ombe wa Maduhu, mfugaji, limesimama juani. Kibali cha kuwasafirisha kimo kwenye kompyuta ya Marsela, kinasomeka vizuri tu, lakini dereva hataki kuwasha gari bila karatasi mkononi.

"Dada yangu, dume moja limeshalala humo ndani," Maduhu anasema dirishani. "Wenzake watalikanyaga life. Fanya hima."

Marsela ni katibu wa dalali wa mifugo, mwaka wa sita sasa. Aliajiriwa kuchapa barua. Siku hizi nusu ya kazi, anasema, ni kubembeleza mashine.

Kiini cha tabu anakijua. Bosi wake, Mzee Apolinari, hataki kuwaona bodaboda wanaoegemea ukuta wa ofisi wakitumia intaneti yake bure. Akiwakuta tu, anabadilisha neno la siri. Jana jioni alilibadilisha tena, akaliingiza mwenyewe kwenye kompyuta ya Marsela, huku amemgeuzia mgongo, akaenda zake Kibaoni. Printa hakuigusa. Leo simu yake haipatikani.

"Kompyuta kaiambia, printa hajaiambia. Na mimi hajaniambia! Waya wa printa aliugawa, eti printa ya kisasa haihitaji waya. Jamani, mimi nimechoka!"

Anajaribu neno la zamani. Anajaribu jina la mke wa mzee. Taa ni ileile.

Maduhu anagonga dirisha, na uvumilivu unamwisha Marsela. Anatoka hadi ukutani, anawakuta bodaboda wameinamia simu, video zinacheza bila kukwama.

"Nyie! Mnatumia waifai ya nani?"

Mmoja wao, Malale, anajikuna kichwa.

"Dada, tusamehe. Jana mzee alikuwa anamtajia mkewe paswedi kwa simu, hapahapa kibarazani. Mtandao ulikuwa unasumbua, ikabidi apige kelele. Herufi mojamoja."

"Haya, nitajie na mimi."

Karatasi inatoka ikiwa ya moto. Wanaume wanalinyanyua dume kwa mkia, linasimama likiyumba, na lori linaondoka. Maduhu anapunga mkono bila kugeuka.

Marsela anadunduliza apate chumba Kashaulili, afungue huduma yake ya uchapaji. "Na printa iwe ya waya," anasisitiza.

Simu inaita. Ni Mzee Apolinari. Marsela anasikiliza, anaitikia, anakata.

"Anasema akirudi anabadilisha tena, bodaboda wamezidi." Anatazama ukutani. "Mpaka nipate hiyo ya waya, naomba tu Mungu Malale asihame kijiwe."