Habari za Baba kwenye Kilio cha Mama

Nyumba ya wasanii iko katika mtaa wa Golf, nyuma ya ukuta mrefu na geti la kijani. Kila baada ya miezi michache huletwa wageni wapya kutoka ng'ambo. Mmoja anachora, mwingine anapiga picha, mwingine anazunguka mjini akikusanya sauti za vyura na mabati, na hiyo ndiyo kazi yake, msicheke. Wanakaa, wanakula, wanaonyesha walichotengeneza, watu wanapiga makofi, halafu wanapanda ndege. Anayebaki kuosha sufuria ni Albertine, mpishi.

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwahi kupika katika nyumba ile. Albertine amepokea wageni miaka na miaka, na kupona kwenyewe bado anakungoja. Anaamka kwake, mtaa wa Katuba, kungali giza, anarudi giza limeshaingia, na miguu imevimba hata viatu vinakataa kutoka.

Lakini sufuria hazikuwahi kumchosha kama maneno. Ilianza hivi. Gracia, mkuu wa nyumba ile, binti mwenye moyo mwema na simu isiyonyamaza, alikuja kujua kwamba baba yake Albertine alikuwa mfanyakazi wa tanuru la shaba. Akamwambia mgeni mmoja. Mgeni akaingia jikoni na kalamu, akavuta kigoda, akamwomba mpishi amsimulie. Albertine akasimulia huku akisonga bukari, ugali wa kwao, na mgeni akalia machozi. Tangu siku hiyo, kila msanii aliyefika alionyeshwa chumba chake, bafu lake, kisha jikoni.

Habari zenyewe zilikuwa nzuri, hilo nani atakataa? Baba alikuwa akirudi kutoka kwenye tanuru nywele zinanuka kiberiti. Alikuwa akiamshwa na king'ora cha kiwanda. Kisha mwaka ule walipoondolewa kazini yeye na wenzake, king'ora kikanyamaza, ila baba akaendelea kuamka saa ile ile. Alivaa viatu vyake vya kazi, vimepakwa mafuta, vinang'aa, akaketi mlangoni mpaka jua lipande. Alifanya hivyo kila siku hadi alipokufa.

Hapo kwenye viatu ndipo wageni walipokuwa wakilia. Mbrazili mmoja alitengeneza viatu vya plasta, vingi, akavipanga sakafuni. Dada kutoka Korea aliweka sauti ya Albertine ndani ya chumba cheusi, watu wakaingia kuisikiliza wamesimama. Albertine naye aliitwa kuingia. Alisikiliza kidogo, akakumbuka kwamba ameacha maharage motoni.

Miaka ya kwanza alikuwa akiumia anaposimulia. Baadaye akajua tu mahali pa kunyamaza, mahali pa kuinua mwiko, mahali pa kusema "viatu vinang'aa" polepole. Mazoea yana taabu. Baba yake akawa kama kitenge kilichofuliwa mno: maua yapo, rangi imekwenda. Wakati mwingine alimsimulia mgeni mpaka mwisho huku akifikiria bei ya makaa.

Mama yake alikuwa hai wakati wote huo. Mama Ngoie, mzaliwa wa Kabongo kule kaskazini, alikaa na Albertine Katuba, katika chumba cha nyuma. Binti akiingia usiku, mama alikuwa akiuliza, "Umerudia?" Binti alikuwa akijibu, "Nimechoka, mama." Mama akasema, "Ulale basi." Mazungumzo yao yakawa hayo, na sidhani kama kati yao kuna aliyeona kuna kitu kinapotea. Mtu aliyechoka huahirisha, na mzee aliye chumba cha nyuma ndiye mtu rahisi kuliko wote kumwahirisha.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Mama Ngoie akafa.

Sasa, watu wa kaskazini mwa Katanga wana desturi yao, na hata waliozaliwa katika kambi za migodi na za reli hawakuiacha. Mwanamke akifa kwa watu alikoolewa, ndugu zake wa kuzaliwa huja kilioni, wakaketi upande wao. Kabla jeneza halijatoka, mtoto wa kwanza wa marehemu husimama mbele yao na kueleza mama aliishi vipi, aliteseka wapi, amekufa na nini. Ndugu wasiporidhika, jeneza halinyanyuliwi. Katuba nzima inajua majeneza yaliyokaa chini ya turubai mpaka jua la utosi huku watu wakibishana. Kwa mtoto ni aibu isiyosafishika, kwa sababu maana yake ni moja tu: walikupa ndugu yao, na wewe hukumwona.

Albertine ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza.

Mjomba wake Constantin, mdogo wa marehemu, mstaafu wa reli, alifika kutoka Kamina na wazee wenzake, vumbi hadi kwenye kope. Gracia naye alikuja kwa heshima pamoja na wageni wa msimu ule, wakaketi kwenye viti vya plastiki nyuma kabisa. Yule mkusanya sauti, Mnorwe, alikuwa ameacha mashine yake nyumbani. Tumpe haki yake, alikuwa na adabu.

"Albertine," mjomba akasema, "simama, utuambie. Dada yetu alikuwa anaishi namna gani? Na amekufa na nini?"

Albertine akasimama. Alikuwa hajalala tangu msiba uingie. Akatazama watu waliomzunguka, macho yakaangukia uso wa yule Mnorwe, umeinama mbele, umetega sikio, vile vile alivyokuwa akikaa jikoni. Na ulimi hauna mfupa. Ukajiendea wenyewe njia uliyoizoea.

"Alikuwa anarudia na harufu ya kiberiti ku nywele," akaanza. "Sirena ya kiwanda ilikuwa inalia, anaamka. Banamufukuza ku kazi, sirena inanyamaza, yeye anaendelea kuamka..."

Alisema vizuri, afadhali angesema vibaya. Akanyamaza pale pa kunyamaza. Mkono wake, bila mwiko, ukainuka. Alipofika kwenye viatu vinavyong'aa, wanawake waliokuwa kwenye mikeka wakaanza kutazamana, na hapo ndipo aliposikia mwenyewe anachokisema.

"Apana, mwanangu," mjomba Constantin akasema, bila kupandisha sauti. "Ule njo shemeji yetu. Alikufa, tukamulilia, tukamuzika. Leo tumekuya juu ya dada yetu."

"Pardon, tonton."

"Na bile biatu, nani alikuwa anabipakaa mafuta?"

"Mama."

"Voilà. Anzia pale."

Akajaribu kuanzia pale. Kila asubuhi mama alipaka mafuta viatu vya mtu asiye na kazi. Ndiyo, na kisha? Alikuwa akiwaza nini? Alimhurumia mumewe au alimchoka? Aliondoka Kabongo na nani, alilia njiani au alifurahi? Albertine alitafuta, asipate. Habari za baba alikuwa amezisambaza mpaka katika nchi ambazo hajui ziko upande gani wa dunia. Kuhusu mama alipata sentensi ya presha na sentensi ya daktari aliyesema moyo umechoka, akazisema zote mbili, zikaisha. Minong'ono ikaanza upande wa wajomba. Mzee mmoja alikuwa ameshakunja mikono na kugeukia pembeni.

Constantin hakuwa mtu mkali. Alikuwa mzee aliyesafiri vibaya, aliyetaka kumzika dada yake kabla ya jua kuwa kali, na alimwonea binti huruma. Akaamua kumsaidia, kama unavyomsaidia mtoto aliyekwama mbele ya padri.

"Bon," akasema. "Utuambie tu kitu kimoja, tutatosheka. Dada yetu alikuwa anapenda kula nini?"

Watu wakapumua. Kumuuliza mpishi swali hilo ni kumpa zawadi. Hata Gracia kule nyuma alitabasamu.

Albertine alijua kwamba Mnorwe hali samaki mwenye kichwa. Alijua dada wa Korea alitaka pilipili juu ya yai, na Mbrazili alikuwa akinuna siku isiyo na maharage. Akamtafuta mama yake mbele ya sahani. Alimwona akipakulia watoto. Alimwona akipeleka ya baba mlangoni. Alimwona mwisho kabisa, wote wameshanawa mikono, ameketi karibu na mbabula ya makaa inayozimika, anaivuta sufuria kwake na kuikwangua.

"Sijue, tonton," akasema. "Alikuwa anakula ile yenye inabakia."

Mjomba Constantin akavua kofia, akaishika kwenye magoti. Hakukasirika, na Albertine angetoa chochote ili akasirike. Akawageukia vijana waliokuwa wakingoja karibu na jeneza.

"Mumubebe," akasema. "Amechoka kungojea."

Wakambeba. Albertine akaachwa amesimama katikati ya turubai, analia kwa sauti, na safari hii hakujua mahali pa kunyamaza.